Jina Ambalo Jirani Angelitambua

Kila kiangazi, katika uwanja wa kambi magharibi mwa jimbo la Pennsylvania, Marekani, maelfu ya watu hupiga mahema na kuishi kana kwamba karne ya 17 haijaingia. Mkusanyiko huo unaitwa Pennsic, na wenyewe ni wanachama wa Society for Creative Anachronism, chama kilichozaliwa Berkeley, California, mwaka 1966. Humo utakuta wahunzi, wafumaji, wapishi wanaofuata mapishi ya karne ya 15, na wapiganaji waliojifunga mavazi ya chuma juani. Hao wamekwisha kusifiwa vya kutosha. Mimi nataka kuwasifu wanaoketi katika hema la wapiga mbiu, nyuma ya meza yenye vitabu vilivyochakaa, kazi yao ikiwa kumsaidia mtu kupata jina.

Desturi ya chama ni kwamba mwanachama hujichagulia mtu wa zamani atakayekuwa. Hawezi kuwa Saladin wala Joan wa Arc. Waliopata kuvuma wameachiwa majina yao. Anatakiwa awe mtu ambaye angeweza kuwapo: mtia rangi vitambaa wa York, mjane wa Florence, mwana wa mfanyabiashara wa Cairo. Mtu kama huyo hana kaburi wala barua wala picha. Ana jina tu, na jina hilo peke yake linabidi limweke katika mji wake, karne yake na lugha yake, na mara nyingi limtaje baba yake au kazi ya mikono yake. Kwa hiyo mpiga mbiu huanza kwa kuuliza. Uliishi wapi? Mwaka gani? Na ni nani aliyekuandika?

Tuseme amekuja mama anayetaka kuwa mwanamke wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, mnamo mwaka 1379, na moyo wake uko kwenye jina Fiona. Mpiga mbiu mzuri hamkati maneno. Atamweleza polepole kwamba jina hilo lilianza kuonekana katika maandishi ya James Macpherson, Mskoti wa karne ya 18, kisha likaenea mwishoni mwa karne ya 19, William Sharp alipokuwa akiandika kwa lakabu ya Fiona Macleod. Cedric nalo ni la juzi: Walter Scott alilitia katika riwaya yake Ivanhoe, iliyotoka 1819, na inaelekea alizigeuza herufi za Cerdic, mfalme wa kale wa Wessex. Vanessa alilitunga Jonathan Swift katika karne ya 18 kwa ajili ya mwanamke aliyekuwa na urafiki naye. Yote matatu yananukia ngome na mishumaa, na hakuna hata moja ambalo karani wa 1379 angelielewa.

Halafu lipo Tiffany, linalosikika kama jina la duka la vito. Asili yake ni Theophania la Kigiriki, lililogeuka Tiphaine kwa Wafaransa, na wasichana waliozaliwa karibu na Sikukuu ya Epifania, tarehe 6 Januari, walipewa jina hilo Ufaransa na Uingereza katika Zama za Kati. Mwandishi wa riwaya Jo Walton ameliita jambo hili tatizo la Tiffany: kitu ni cha kale kweli, lakini msomaji hakubali kwa sababu kinasikika kipya. Kati ya Fiona na Tiffany, masikio yetu yote yangechagua vibaya. Ndiyo maana wapiga mbiu hawaamini sikio la mtu yeyote wa leo, hata la kwao wenyewe. Wanaamini karatasi yenye tarehe.

Na karatasi bora kwa mama yetu wa Yorkshire zinatokana na kodi ya kichwa, kodi ambayo msomaji wa Afrika Mashariki ameisikia kwa jina hilohilo kutoka kwa babu zake. Uingereza iliitoza mara tatu katika miaka michache. Mwaka 1377 kila aliyezidi miaka 14 alidaiwa peni nne. Mwaka 1379 ilipangwa kwa vyeo: mtu wa kawaida aliyezidi miaka 16 alitoa peni nne, na mtawala mkubwa kama John wa Gaunt alitoa marki 10. Mwaka 1381 ilipanda hadi shilingi nzima kwa kila aliyezidi miaka 15, na nchi ikalipuka. Wakulima waliingia London na Wat Tyler akauawa mbele ya mfalme. Watu waliichukia kodi hii kwa haki, na wengi walijificha. Wanahistoria wanaamini kwamba waliofichwa zaidi mwaka 1381 walikuwa wajane na mabinti wasioolewa. Lakini pale makarani walipofanikiwa kuingia kijijini, walimwandika fundi, mtumishi na mchunga kondoo, watu ambao hakuna mwandishi mwingine aliyejali kuwataja. Orodha ya 1379 ya Yorkshire ni mojawapo ya zile zilizosalia zikiwa na utajiri mkubwa. Nakiri kwamba naona jambo la kugusa moyo hapa: mtu aliyetolewa peni nne zake kwa nguvu anafika kwetu akiwa na jina lake, na tajiri mdogo aliyefaulu kukwepa hajulikani alikuwa nani.

Tatizo ni kwamba karani aliandika kwa Kilatini, na kijiji hakikuzungumza Kilatini. Ukurasa umejaa Johannes, Willelmus, Galfridus, Matilda, Agnes. Hakuna mtu aliyeitwa Johannes kisimani. Aliitwa Jon, au Jak, au Jankin. Galfridus alikuwa Geffrey. Matilda wa daftarini alikuwa Maud nyumbani, na Walterus alitamkwa bila ile L, ndiyo maana ufupisho wake ukawa Wat, jina la yule Tyler aliyeongoza uasi. Agnes, ambalo leo Waingereza hulitamka na G yake, siku hizo lilisikika kama Annes, na wakati mwingine liliandikwa hivyo.

Basi utajuaje sauti ya kijiji, ikiwa shahidi wako ameisafisha? Hapa ndipo ufundi huu unaponishangaza zaidi. Karani alilivika Kilatini jina la kwanza, lakini la pili mara nyingi lilimponyoka likabaki la Kiingereza. Katika majina ya pili ndimo majina ya nyumbani yalimojificha. Dixon ni mwana wa Dick, na Dick ni Richard. Hodgson ni mwana wa Hodge, na Hodge ni Roger. Robert aliitwa Rob, lakini pia Hob na Dob, ndiyo maana kuna akina Hobson na Dobson. Watson anatokana na yule Wat. Wala si akina baba peke yao. Tillotson ametokana na Tillot, binti aliyebatizwa Matilda; Emmott ni Emma mdogo; Marriott ni Mary. Mwanamke ambaye ukoo wote ulichukua jina lake la utotoni, pengine kwa kuwa alikuwa mjane aliyelea watoto peke yake au mtu mwenye mali yake, anasikika hapo. Mpiga mbiu aliyezoea husoma jina la Mwingereza wa leo, hata kwenye kibao cha mlangoni, akamsikia mama huyo anavyoitwa.

Mama yetu sasa amekubali kumwacha Fiona. Ataomba jina jingine lisilo la kawaida, kitu adimu, na hapo ndipo mpiga mbiu humpa ushauri mgumu kuliko wote: chukua la kawaida. Ukweli wa karne ya 14 ni kwamba majina yalikuwa machache mno. Kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kulikuwa na wingi wa majina kama Wulfstan, Leofric, Godwine na Æthelred. Ndani ya vizazi vichache yakafifia, na nafasi yake ikachukuliwa na William, Robert, Richard, Hugh. Edward na Edmund walinusurika kwa sababu Mfalme Henry wa Tatu aliwapenda watakatifu wa kale wa Kiingereza, akawapa wanawe majina yao, mmoja mwaka 1239 na mwingine 1245. Kufikia miaka ya kodi ya kichwa, John, William, Thomas, Richard na Robert walikuwa zaidi ya nusu ya wanaume wote walioandikwa. Wanawake walikuwa na nafasi kubwa kidogo, lakini bado ni Alice, Agnes, Joan, Maud, Isabel, Emma, Margaret, tena na tena, ukurasa baada ya ukurasa.

Sababu mojawapo ilikuwa kisimani pa ubatizo. Mtoto alipata wasimamizi watatu, wawili wa jinsia yake na mmoja wa jinsia nyingine, na mara nyingi msimamizi mkuu alimpa mtoto jina lake mwenyewe. Matokeo yake yangemchosha mwalimu yeyote wa shule. Katika ukoo wa Paston wa Norfolk, ambao barua zao za karne ya 15 zimesalia kwa wingi, baba aliitwa John, mwanawe wa kwanza aliitwa John, na wa pili aliitwa John pia, wote wawili wakiwa hai na wazima na wakiandikiana.

Kwa hiyo mtu anayekuja na jina alilolichimba kutoka pembe ya orodha, lililotokea mara moja tu katika kaunti ya mbali, ana ushahidi, lakini picha yake ya karne ile imepinda. Angeonekana ajabu kijijini. Mafundi bora wa kazi hii hupima kwa kipimo ambacho nakipenda sana: je, jirani angelisikia jina hili akaendelea na shughuli zake? Kulichagua Alice kati ya maelfu ya akina Alice kunahitaji unyenyekevu, maana sisi wa leo tumefundishwa kwamba jina ni la kututofautisha. Wao kazi hiyo waliiachia jina la pili, na ndiyo sababu jina la pili ni tamu kulichunguza.

Mfano wa kitambaa unatosha kuonyesha. Sufu ikishafumwa ilibidi ikanyagwe majini ili nyuzi zishikane. Mtu wa kazi hiyo aliitwa Walker kaskazini, Tucker kusini magharibi, na Fuller kusini na mashariki. Mfumaji alikuwa Webster kaskazini na Webb kusini. Mtia rangi wa kaskazini alikuwa Lister, na kwingine Dyer. Mwanachama akitaka kuwa Tucker wa Yorkshire, mpiga mbiu ataona mara moja kuna kitu kimekaa mkao usio wake, kama mtu wa Lamu anayesimuliwa akisema Kiunguja. Hatakataa, watu walihama. Atauliza tu: basi ulitoka Devon? Ulifikaje huku? Jina linaanza kumtungia mtu maisha.

Na kwa wanawake wa Yorkshire daftari la 1379 lina zawadi ya pekee. Mume na mke walihesabiwa pamoja, kwa hiyo mke mara nyingi anaonekana kwa kivuli cha mumewe. Lakini wasioolewa, wajane na watumishi wanasimama wenyewe, na baadhi yao wameandikwa kwa maumbo ambayo yalikuwa hai midomoni: jina la baba likifuatwa na doghter, jina au kazi ya mume ikifuatwa na wyf. Hayakuwa majina ya ukoo. Yalieleza tu mtu ni wa nani, kama Asha binti Juma anavyoelezwa pwani hadi leo. Kwa kufuata muundo huo, mama aliyekuja na Fiona anaweza kuondoka akiwa Annes Hobdoghter, binti wa Robert ambaye kijiji kizima kilimwita Hob. Silabi tano, na humo kuna kaunti, miaka, matamshi ya ubatizo na utani wa baba. Jina la katikati hana, kwa maana Waingereza wa wakati huo karibu wote hawakuwa nalo.

Namna wanavyosoma kamusi inaonyesha malezi ya fundi. Vitabu viwili vya zamani vya kazi hii ni kile cha E. G. Withycombe kuhusu majina ya ubatizo ya Kiingereza, kilichotoka 1945, na cha P. H. Reaney kuhusu majina ya ukoo, cha 1958. Mgeni hufungua Reaney, akaona jina kwa herufi nzito, akafurahi. Mzoefu hulipita hilo kichwani, kwa sababu ni tahajia ya leo, na kushuka kwenye mistari midogo chini yake ambako kila umbo lina mwaka na mahali lilipoandikwa. Hapo ndipo penye ushahidi. Tangu 2015 kuna pia kamusi ya mtandaoni ya majina ya Zama za Kati kutoka vyanzo vya Ulaya, inayohaririwa na msomi Sara Uckelman, na kila ingizo limejengwa hivyohivyo: umbo, mwaka, chanzo.

Jina likishapatikana huandikwa kwenye fomu pamoja na ushahidi wake, likajadiliwa na wapiga mbiu wa eneo, kisha na wa chama kizima, na mwisho afisa wa majina anayeitwa Pelican hutoa uamuzi katika barua inayochapishwa kila mwezi. Huchukua miezi kadhaa. Sheria zao ni za kiasi: jina linahitaji angalau sehemu mbili, lisifanane mno na la mwanachama mwingine, lisidai cheo ambacho mtu hana. Sehemu za jina moja zikitoka eneo moja la lugha, zisiachane zaidi ya miaka 500. Zikitoka maeneo mawili ambayo watu wake walichanganyika, miaka 300. Ni mipaka mipana, na fundi wa kweli hujibana zaidi ya sheria. Naheshimu hilo. Hakuna anayemlipa mtu yeyote hapa. Watu wazima wenye ajira zao hukaa usiku wakibishana kwa adabu iwapo Y moja ingeandikwa mwishoni mwa jina la mtia rangi wa Lincoln, ili mtu wasiyemjua aitwe vizuri.

Sheria hizohizo zinafungua mlango kwa majina ya Kiarabu, na hivyo kwa pwani yetu. Jina la Mwislamu wa Zama za Kati lina viungo vyake: jina lenyewe, nasaba ya bin na binti, kunia inayoanza na Abu au Umm, na nisba ya mahali au kabila. Viungo hivyo vina mantiki ya ndani ambayo fundi huifurahia. Maandishi ya Kikufi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107, yanamtaja Abu Imran Musa bin al-Hasan bin Muhammad. Kunia ile haisemi lazima kwamba alikuwa na mtoto Imran. Kila Musa alikuwa na haki ya kuitwa Abu Imran kwa sababu baba yake Nabii Musa aliitwa Imran, vilevile kila Ali aliweza kuitwa Abu al-Hasan. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alimkuta Sultani Hasan, kunia yake Abu al-Muzaffar, lakini watu wakimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Na sarafu za shaba za Kilwa zilibeba jina la sultani upande mmoja, likitiwa vina na maneno ya upande wa pili, ili mtu akishika pesa ashike na ubeti.

Mwanamke wa Kilwa ya mwaka huo ni kazi ngumu zaidi. Mawe na sarafu zimewataja wanaume. Fundi atalazimika kwenda Cairo, kwa al-Sakhawi aliyefariki 1497, mwandishi wa kamusi kubwa ya watu wa karne yake, ambaye aliwatengea wanawake juzuu nzima yenye majina zaidi ya 1,000. Humo ataona ni majina gani yalipendwa na yaliunganishwaje, kisha ayasafirishe kusini kwa tahadhari. Tuseme amempata Fatima binti Sulayman. Mwanachama wake, kwa kuipenda Kilwa, ataomba aongezewe nisba ya mji, kwa umbo la kike kama inavyopasa: al-Kilwiyya. Na hapo mpiga mbiu atauliza swali lilelile analowauliza wanaotaka kuitwa de York huku wakiishi York. Ndani ya Kilwa kila mtu ni wa Kilwa. Nani angemwita hivyo? Nisba ile ataipata akishapanda jahazi na pepo za kusi, akashuka Aden au Dhofar, akapanga chumba, na majirani wapya wakatafuta namna ya kumtofautisha na Fatima wengine wa mtaa. Kwa hiyo aamue kwanza anaishi wapi.